Mama Mkwe na Mpira wa Mlango

Mtoto wetu alikuwa hajatimiza mwezi alipoanza kutumwa kupeleka ujumbe.

"Mtoto," mama mkwe wangu alimwambia asubuhi moja, amesimama kwenye kizingiti cha jikoni, amemlaza begani, "mwambie baba yako kuna maji chini ya mashine."

Mimi nilikuwa humo humo jikoni, birika mkononi. Tungeweza kupeana kikombe bila yeyote kati yetu kusogea. Nikajibu kwa njia ile ile.

"Mtoto, mwambie nyanya yako nimeyaona. Asante sana."

Mtoto akapiga mwayo. Mama mkwe akageuka, akaenda zake.

Nisieleweke vibaya. Hapakuwa na ugomvi. Mke wangu ni Mkamba, na mama yake alilelewa katika mila ambayo mwanamume na mama wa mke wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawaketi pamoja, na mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwewe wala hakanyagi chumba chake cha kulala. Kwetu mtaani Waithaka pia wakwe huheshimiwa, lakini siku hizi wazee wetu husalimiana na wakwe zao kwa mikono miwili na vicheko. Mama huyu hakuwa hivyo. Alikuwa mama wa kanisa, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu aliyeishi Machakos maisha yake yote, na heshima yake kwangu ilikuwa kama ukuta uliopakwa chokaa vizuri: safi, lakini ukuta.

Kilichomleta nyumbani kwetu, mtaa wa Jamhuri, ni kuzaliwa kwa mtoto. Mke wangu alijifungua kwa upasuaji, kisha akavuja damu nyingi, wakamrudisha chumba cha upasuaji mara ya pili. Aliporuhusiwa kutoka hospitali hakuweza kuinama wala kupanda ngazi. Mama yake alikuja na mfuko mmoja, akakataa chumba cha wageni, akaomba kile chumba kidogo cha uani kilichojengewa wafanyakazi. Nilikifagia, nikapaka rangi ukuta mmoja, nikaweka kitanda na taa. Mke wangu na mtoto tuliwahamishia chumba cha chini, kilicho ukuta kwa ukuta na jikoni. Hivyo mama angeweza kumhudumia bintiye bila kupanda juu kwetu.

Siku zikawa na utaratibu wake. Nikiingia sebuleni, mama mkwe anatoka. Nikitoka, anaingia. Tulipishana kwenye ujia kama watu wanaobeba kioo kikubwa, kila mmoja akiegemea upande wake. Na tulipokuwa na jambo la kuambizana, tulimwambia mke wangu, na mke wangu akilala, tulimwambia mtoto.

Sasa mashine. Ni ya kuosha vyombo, na haikununuliwa. Mkubwa wa mke wangu kazini, mgeni aliyekuwa anarudi kwao, aliigawa pamoja na mazulia na vyungu vya maua. Tulipoileta nyumbani mimi niliiona kama kichekesho. Watu wawili, sahani mbili, mashine ya nini? Lakini mke wangu aliipenda kuliko televisheni. Alikuwa akiisikiliza ikizunguka, amekunja miguu kwenye kochi, kama mtu anayesikiliza mvua.

"Mimi vyombo vyangu vya maisha haya nilishaosha vyote," alikuwa akisema.

Nilidhani ni utani tu.

Mama yake aliicheka waziwazi. Siku ya kwanza alipoiona ikifanya kazi, nilimsikia kupitia ukutani akimwambia bintiye jambo kwa Kikamba, wakacheka wote wawili, na mke wangu akaniita anitafsirie maneno ya mwaitu, ndivyo anavyomwita mama yake. "Mwaitu anasema inakunywa maji kama ng'ombe, halafu inajifungia mlango isionekane inafanya nini."

Hata hivyo, wiki zile mashine ndiyo iliyotubeba. Wageni walikuja kila siku kumwona mtoto: watu wa kanisa, wafanyakazi wenzetu, mama yangu na sufuria yake ya njahi, yale maharagwe meusi, maana kwetu mzazi asipokula njahi watu hudhani hana jamaa. Kila mgeni alikunywa chai, kila chai ilikuwa na kikombe, na uji wa mke wangu ulipikwa tena na tena. Kwa hiyo nilipoona yale maji sakafuni, yenye povu, yakitambaa kuelekea mlango wa uani, nilifikiria vikombe vyote vile. Isitoshe, mtaani kwetu maji huja siku chache tu kwa wiki. Maji ya tangi hayamwagwi hivi hivi.

Nilizima umeme, nikafunga mfereji wa maji, nikapiga magoti. Kwanza nilishuku bomba la nyuma. Lilikuwa kavu. Kisha nikafungua mlango, nikakata karatasi za gazeti, nikawa nazibana kwenye mlango moja moja na kuzivuta. Juu, karatasi ilishikwa vizuri. Kulia, vizuri. Nilipofika pembe ya chini kushoto, karatasi ilitoka yenyewe kama barua inayotoka kwenye bahasha.

Ulikuwa mpira. Ule mpira mweusi unaozunguka kinywa cha mashine, unaobanwa na mlango ili maji yasitoke. Kwenye pembe ile ulikuwa umelala, umekakamaa, na ukoko mweupe wa chumvi ya maji umeushika. Niliuvuta utoke kwenye mtaro wake. Ukatoka vizuri hadi chini, halafu ukakatika, na kipande kikabaki ndani. Nilikichokoa kwa kisu, kikawa kinatoka makombo makombo.

"Mtoto," sauti ikasema kutoka kwenye ujia, "muulize baba yako kama mashine imekufa."

"Mtoto, mwambie nyanya haijakufa. Ni mpira tu umezeeka."

"Mwambie pole," sauti ikasema.

Nilichukua mabaki ya mpira kwenye mfuko, nikaenda mjini. Pale kwenye majengo yenye maduka madogo madogo kuanzia chini hadi juu, nilipanda na kushuka ngazi nyingi. Kila duka lilikuwa na spea za friji, za jiko, za mashine za kufulia nguo. Za kuosha vyombo, wengi walinitazama kwanza.

"Hizo ni za matajiri wa Karen, boss," mmoja akaniambia, bila ubaya.

Mwisho nikaelekezwa kwa kijana mmoja ambaye duka lake lilikuwa upana wa mlango wake tu, mipira ya kila aina imening'inia kutoka darini. Alichukua mabaki yangu, akayakunja. Yakavunjika.

"Hii imekauka ka chapati ya jana," akasema. "Niko na ya kuingiana na hiyo. Lakini ziko saizi mbili, na hizi vipande haziwezi nionyesha urefu. Mtaro yako ni urefu gani?"

Sikuwa nimepima. Nilimpigia mke wangu. Simu ililia sana, kisha ikapokelewa, lakini hakuna aliyesema neno. Nilisikia sufuria ikichemka kwa mbali.

"Ni mimi," nikasema.

"Amelala." Ilikuwa sauti ya mama mkwe, ya chini, ya mtu anayeshika simu kama yai. "Mtoto pia amelala."

Hapakuwa na wa kumtuma.

"Mama," nikasema, "usimwamshe. Naomba unisaidie wewe. Kwenye kisanduku changu cha vifaa, hapo chini ya sinki, kuna futi ya kupimia. Nataka urefu wa ule mtaro, kutoka pembe ya chini, upite juu, uteremke mpaka pembe ile nyingine."

Nikaona nimevuka mpaka. Kisha nikasikia simu ikiwekwa juu ya kitu, na nyayo, na kisanduku kikifunguliwa. Alikaa huko muda. Kijana wa duka akamhudumia mteja mwingine, akanirudia, akainua nyusi. Mama mkwe aliporudi kwenye simu alikuwa anahema.

"Nimepima mara mbili," akasema. "Mara ya kwanza futi iliteleza." Akanipa kipimo, akakirudia polepole kama anayesomea watoto imla, kisha akauliza, "Umeandika?"

"Nimeandika, Mama."

"Haya." Akakata simu bila kuaga.

Kijana alikata kamba ya mfuko, akanikabidhi mpira mpya umekunjwa kama nyoka aliyelala. "Usiuvute ukiweka," akanionya. "Ukiuvuta utaingia, lakini kesho utarudia ufupi wake, pembe ziachie. Uuloweke kwa maji ya moto kwanza, ulainike."

Nilifika nyumbani alasiri. Nikauloweka mpira kwenye beseni, nikausafisha mtaro kwa mswaki wa zamani, nikaanza. Nilianzia pembe ya chini kushoto, kwa sababu ndiko ugonjwa ulikokuwa. Nikausukuma kwa vidole gumba, ukaingia, nikapanda nao. Nilipofika juu, wa chini ukachomoka. Nikarudi chini, wa juu ukachomoka. Ulikuwa kama kumvalisha soksi mtoto anayepiga mateke. Nilijaribu kuubana kwa goti. Nilijaribu kuubana kwa kidevu. Nadhani nilitoa neno ambalo mama wa kanisa hakupaswa kulisikia.

Mke wangu akaita kutoka ng'ambo ya ukuta. "Unahitaji mikono mingine?"

"Ninaye nani?"

Hakunijibu mimi. Alisema kitu kwa Kikamba, kwa sauti ya kawaida, na nikasikia neno moja tu nililolijua: mwaitu. Mama yake akajibu kwa ufupi. Mke wangu akasema tena, safari hii kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie.

"Mama, mimi siwezi kuinama. Ningeweza ningeenda."

Muda ukapita. Kisha mama mkwe akatokea kizingitini. Alivua ndala zake, akaziweka sambamba, akafunga leso yake upya kiunoni, akaingia. Alipiga magoti upande wa kulia wa mashine, uso wake ameuelekeza kwenye mashine. Nami niliuelekeza wangu huko huko. Mlango wazi ulikuwa katikati yetu kama meza.

"Nishike wapi?" akauliza. Hakumuuliza mtoto. Mtoto hakuwepo.

"Hapa juu, Mama. Mimi nateremka nao."

Tuliuweka. Haukukaa vizuri, ulijikunja kwenye pembe yangu, nikaugonga kwa ngumi hadi ukakubali. Nikafungulia maji, nikawasha umeme, mashine ikanguruma. Tulipiga magoti pale, kila mtu upande wake, tukitazama sakafu. Haikuchukua muda. Ulimi mwembamba wa maji ukatoka pembe ile ile.

"Aa," mama mkwe akasema, kwa huzuni ya kweli, kama mtu aliyeona mtoto akianguka.

Nikazima. Tukaanza kuutoa tena. Na ni hapo, akiwa anavuta mpira kidogo kidogo na kuukunja mapajani, ndipo alipoanza kuzungumza. Hakunitazama. Alizungumza na ule mpira.

"Ile siku hospitalini, nilikuona."

Siku ile tulikuwa kwenye ujia mmoja, yeye kwenye benchi mwisho huu, mimi nimesimama dirishani mwisho ule. Waliporudisha kitanda cha mke wangu ndani mara ya pili, hatukuambizana lolote. Nilikuwa nikiiona leso yake kwa pembe ya jicho. Nilidhani anasali, na kwamba hakutaka kusumbuliwa.

"Ulikuwa umeshika viatu vyake," akasema. "Vile vya wazi, vya kahawia. Ukaenda kuuliza kwa dirisha, ukaenda navyo. Ukaenda chooni, ukaenda navyo. Nikasema moyoni, huyu mtoto hatakubali kuviweka chini."

"Walinipa wakati wa kumwingiza," nikasema. "Niliona nikiviweka chini..."

"Najua."

Aliupangusa mpira kwa upindo wa leso.

"Nilitaka kuja nikuambie uketi. Benchi ilikuwa na nafasi. Lakini sikujua mtu anaanzaje." Akaukunja mpira tena. "Mimi nami nilimwaga damu hivyo, nikimzaa huyo. Sijawahi kumwambia. Hivyo nilikuwa pale nikifikiria, kama nilimwachia kitu kibaya mwilini."

Nilimtazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwona uso kwa karibu. Ana kovu dogo juu ya nyusi, na macho ya mke wangu, yale yale, yamezeeka tu.

"Mama," nikasema, "daktari alisema ni jambo linalompata yeyote. Nilimuuliza. Alisema si la kurithi kutoka kwako."

"Ulimuuliza hivyo?"

"Niliuliza kila kitu. Nilikuwa naogopa."

Akatikisa kichwa polepole, na mkono wake ukapanda ukafuta pua, kisha ukarudi kwenye kazi. Kutoka ng'ambo ya ukuta hapakusikika kitu. Sijui kama mke wangu alikuwa amelala.

"Huyo alipokuwa mdogo alikuwa anaosha vyombo amesimama juu ya kreti ya soda," mama mkwe akasema. "Hakufika kwa karai. Mimi nafundisha mchana, jioni nasahihisha vitabu, na nina wadogo watano nyuma yake. Nilipolazwa na yule wa mwisho, alishika nyumba yote. Akapika, akafua, akawapeleka wengine shule. Niliporudi nikakuta sufuria zinang'aa, zimepangwa kwa ukubwa. Kila mtu alimsifu. Mimi nilitazama vidole vyake tu. Vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu mzima."

Aliukunjua mpira wote, akaunyoosha mbele yake, akautafuta katikati.

"Nimeicheka hii mashine," akasema. "Sasa nataka ipone."

Kisha akaniuliza, "Tulianzia pembeni kwa nini?"

"Kwa sababu ndipo palipovuja."

"Mimi nikitia lastiki kwa sketi, nikianza pembeni, mwisho inabaki makunyanzi upande mmoja. Tuanze katikati, juu. Wewe uende kwako, mimi kwangu."

Nikakumbuka onyo la kijana wa duka, kwamba usivutwe. Nikamwambia. Akasema, "Basi tuubembeleze."

Tuliurudisha kwenye maji ya moto, tukautoa, nikaukausha. Akaweka kidole gumba chake katikati ya mtaro wa juu. Nafasi ya kidole changu ilikuwa pale pale, hakuna kwingine. Nikasita. Akasubiri. Nikakiweka. Ngozi ya kidole chake ilikuwa ngumu na ya joto kwa maji, na hakukiondoa.

"Moja," akasema, kama mwalimu, "sukuma."

Tukasukuma. Kisha tukaachana taratibu, yeye kuume, mimi kushoto, kipande baada ya kipande. Kila nilipotaka kukimbia alisema, "Polepole, bado sijafika." Kwenye pembe za juu tulisimama kidogo, tukazungusha mpira bila kuukunja. Tukateremka. Nilipofika chini, ulibaki urefu wa ukucha tu uliozidi, na ule uliozidi ukaingia bila kelele. Nikachungulia upande wake. Ulikuwa mzuri kuliko wangu.

Nikawasha tena. Mashine ikavuta maji, ikanyamaza, ikaanza kunguruma. Niliweka kipande cha gazeti chini ya pembe mbaya. Tulikaa sakafuni, migongo kwenye makabati, tukilitazama gazeti. Mvua ilikuwa imeanza nje, na nikakumbuka nguo za mtoto kwenye kamba, na yeye akazikumbuka wakati ule ule. Tukainuka wote wawili, tukagongana bega mlangoni, akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka mbele yangu. Tulikimbia uani, tukazitoa, mimi nikishika kikapu, yeye akizitupia ndani.

Tuliporudi, gazeti lilikuwa kavu. Mashine ilikuwa inaendelea na kazi yake.

"Imepona?" mke wangu akauliza kutoka chumbani.

"Imepona," mama yake akajibu.

Mtoto aliamka akilia. Mama mkwe alikwenda kumchukua ili bintiye apumzike, akaketi naye sebuleni, kwenye kiti cha dirishani, akimpigapiga mgongo. Mimi nilikuwa nakunja nguo mezani. Kwa kawaida mmoja wetu angetoka. Niliendelea kukunja, nikisubiri ainuke, na kila nguo niliyoiweka niliiweka bila kelele. Wimbo aliokuwa akimwimbia mtoto ulizidi kuwa mfupi. Kisha ukaisha. Nilipoinua macho, kichwa chake kilikuwa kimeegemea nyuma, mdomo wazi kidogo, na mtoto amelala juu ya kifua chake kama paka.

Mke wangu akatokea mlangoni, anatembea kwa kujishikilia ukuta, mkono mmoja tumboni. Akaangalia kiti cha dirishani, akaniangalia mimi.

"Amelala?" akanong'ona.

"Amelala."

"Na wewe uko hapa?"

"Nilikuwa hapa tangu mwanzo."

Aliweka kiganja mdomoni. Alitaka kucheka, na mshono ukamkataza. Macho yake yalijaa. Nilimfuata, nikamshika kiwiko, akaniegemea kwa uzito wake wote, mwepesi kuliko nilivyomzoea, na tukasimama hivyo tukiwatazama wale wawili wakipumua.

Baadaye nilichukua shuka kubwa ya mtoto, nikamfunika mama miguu. Sikumgusa. Kisha nikaenda jikoni kupunguza moto chini ya njahi alizokuwa amebandika, maana zilikuwa zinakaribia kuungua.